Ukurasa Usiokuwamo Kitabuni

Msimulizi wa hadithi ya mtu mwingine ni mwenye kuwekewa amana. Anaweza kuifupisha hadithi hiyo ikiwa usiku ni mfupi, na anaweza kuipamba ikiwa wasikilizaji wamechoka. Walakini hana ruhusa ya kuigeuza hukumu yake, kisha akaapa kuwa ndivyo mwenyewe alivyoitunga. Kanuni hii ni nyepesi kufahamika, na hapana haja ya shahada ya chuo kikuu ili mtu aikubali. Hata hivyo, sinema ya Uingereza na Marekani, ilipozichukua riwaya za zama za Malkia Victoria na kuzitia katika picha, iliivunja kanuni hii mara kwa mara. Na ajabu iliyo kubwa zaidi ni kuwa imesifiwa kwa miaka mingi kwa kuivunja.

Ushahidi wa kwanza haufichiki, kwa kuwa umeandikwa juu ya pazia la sinema lenyewe. Filamu ya Jane Eyre ya mwaka 1943, iliyoongozwa na Robert Stevenson, hufunguliwa kwa kitabu. Mtazamaji huona ukurasa, huona mistari ya chapa, na husikia sauti ya Joan Fontaine ikisoma jina la msichana na habari za kuzaliwa kwake. Hapana mtu atazamaye ukurasa ule asiyedhani kuwa anasomewa maneno ya Charlotte Brontë, aliyekitoa kitabu chake mwaka 1847. Lakini maneno yale siyo yake. Riwaya yake huanza na siku ya upepo wa baridi na mvua, na mtoto yatima aliyejificha dirishani nyuma ya pazia jekundu, kitabu cha picha za ndege mapajani, akingoja kugunduliwa na kupigwa. Ukurasa uonyeshwao katika filamu haumo kitabuni. Ulitungwa kwa ajili ya filamu, ukapigwa chapa kwa mfano wa kitabu, ukawekwa mbele ya macho ya watu kama hati ya kweli. Wala waliofanya hivyo hawakuwa wajinga wa fasihi, kwani miongoni mwa waandikaji wa mchezo huo alikuwamo Aldous Huxley, mtunzi wa riwaya aliyejua vema tofauti kati ya maneno yake na ya mwenziwe.

Katika mambo ya ardhi na mirathi, hati ya namna hiyo huitwa hati bandia, na mwenye kuitengeneza hushtakiwa. Katika mambo ya sanaa huitwa ufundi, na mwenye kuitengeneza hupewa heshima. Yafaa basi iulizwe: hati hii bandia inaficha nini? Maana mtu haghushi hati bure. Hughushi kwa sababu hati ya kweli ina jambo asilopenda lijulikane.

Jambo lenyewe ni hesabu. Riwaya kubwa za Waingereza wa zama zile zilitungwa katika nchi iliyokuwa ikihesabu kila kitu: pauni, ekari, rehani, mahari, mishahara ya walimu wa nyumbani, na wafungwa waliopelekwa Australia. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilipima chakula cha fukara kwa kijiko. Sheria ya ndoa, mpaka ilipoanza kurekebishwa mwaka 1870 na tena mwaka 1882, ilimfanya mume kuwa mwenye mali ya mkewe. Watunzi wa zama hizo waliyajua haya kwa kuishi ndani yake. Charles Dickens alikuwa na umri wa miaka 12 baba yake alipofungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea, mwaka 1824. Basi wanapoandika juu ya mapenzi, huandika pia juu ya nani analipa, nani anarithi, na mali ile ilitoka wapi. Ondoa hesabu hiyo, na kitakachosalia ni nyumba kubwa, ukungu, mshumaa na watu wawili wanaotazamana. Picha hiyo ni nzuri, lakini siyo riwaya ya zama za Victoria. Ni mapambo yaliyovuliwa kutoka katika riwaya hiyo.

Wuthering Heights ya William Wyler, iliyotolewa mwaka 1939 kwa mali ya Samuel Goldwyn, ndiyo kielelezo kinachojulikana zaidi. Laurence Olivier alicheza Heathcliff, Merle Oberon akacheza Catherine, na Gregg Toland, mpiga picha wake, alipata tuzo ya Oscar aliyostahili. Lakini filamu hii huishia karibu nusu ya kitabu. Emily Brontë alikigawa kisa chake katika vizazi viwili: kizazi cha kwanza hupenda na kuharibu, na kizazi cha pili hurithi uharibifu na kuutengeneza. Filamu ilikichukua kizazi cha kwanza na kukitupa cha pili. Catherine binti hayumo, Linton mwana wa Heathcliff hayumo, na Hareton Earnshaw hayumo.

Hasara hiyo si hasara ya idadi ya watu tu. Mwaka 1926 mwanasheria mmoja Mwingereza, Charles Percy Sanger, aliandika makala fupi iliyoonyesha kuwa chini ya dhoruba ya kitabu kile mna mpango wa miaka uliopangwa kwa uangalifu mkubwa, na ujuzi wa sheria za mirathi ambao haukutazamiwa kwa binti wa kasisi wa Yorkshire. Heathcliff hakulipiza kisasi kwa macho makali peke yake. Aliipata nyumba ya Wuthering Heights kwa kumkopesha Hindley, mlevi na mcheza kamari, mpaka mali yote ikawa rehani mikononi mwake. Kisha akainyoshea mkono Thrushcross Grange kwa kumlazimisha binti wa adui yake aolewe na mwanawe aliyekuwa mgonjwa wa kufa. Mtoto aliyeokotwa katika njia za Liverpool, bandari iliyotajirika kwa biashara ya watumwa, mtoto mweusi wa uso ambaye watu hawakujua ametoka taifa gani, alijifunza sheria ya wenye nyumba na kuwageuzia wenyewe. Filamu hutaja jinsi alivyoipata nyumba ya kwanza, kisha hukimbilia mahaba. Silaha ya kisasi imeachwa, na kilichobaki ni kilio cha mwenye kulipiza.

Na mwisho wake? Kitabuni, habari ya kuwa Heathcliff na Catherine hutembea baada ya kufa imewekwa kinywani mwa mtoto mdogo mwenye kondoo aliyeogopa njiani. Na mgeni anayezitazama kaburi mwishoni hashawishiki kuwa waliolala pale wana mashaka. Mtunzi aliuacha uvumi kuwa uvumi. Goldwyn hakupenda filamu imalizike kwa maiti, akaamuru watazamaji waonyeshwe wapenzi wawili wakitembea pamoja baada ya mauti. Wyler alikataa kuipiga picha hiyo, ikapigwa na mwingine, na waliotembea walikuwa watu wengine walioonyeshwa kwa migongo yao. Kwa hiyo uvumi wa mtoto umefanywa ushahidi wa macho, na mwisho wa kweli, ambao ni mapatano ya vijana wawili walio hai, umezikwa. Mtunzi alisema kuwa dhuluma ya mali huponywa na walio hai kwa kazi na kwa subira. Filamu ilisema kuwa huponywa na kifo. Huku si kufupisha. Huku ni kutoa hukumu nyingine.

Jane Eyre ilitendwa vivyo hivyo, na huko hesabu inaweza kutajwa kwa tarakimu. Msichana wa Charlotte Brontë hukimbia nyumba ya Rochester baada ya kujua kuwa ana mke, hufika karibu na kufa kwa njaa, hupokewa na ndugu watatu wa ukoo wa Rivers, hufundisha shule ya kijiji, kisha huletewa habari kuwa baba yake mdogo aliyekuwa mfanyabiashara katika kisiwa cha Madeira amemwachia pauni 20,000. Huzigawa mafungu manne, 5,000 kwake na 5,000 kwa kila mmoja wa wale watatu, ambao wamedhihirika kuwa binamu zake. Hukataa kuolewa na kasisi St John Rivers, atakaye kumchukua India kama chombo cha kazi yake. Ndipo hurudi kwa Rochester, naye si mtumishi wa mshahara tena bali ni mwanamke mwenye mali yake, aliyeweza kwenda kwingine na akachagua kurudi. Naam, sheria ya ndoa ya siku zile ingeitia mali hiyo mkononi mwa mume mara baada ya nikahi. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumfanya mtunzi asisitize kuwa Jane alikuja akiwa huru.

Katika filamu ya 1943, ndugu wa Rivers hawamo. Jina lao amepewa daktari. Urithi haumo. Mgao haumo. Jane hurudi kwa sababu ameitwa, si kwa sababu amechagua akiwa na uwezo wa kuchagua. Orson Welles ananguruma, ukungu unatanda, na mwanamke asiye na senti anarudi kwa bwana wake. Riwaya iliyowaudhi watu wa mwaka 1847 kwa kiburi cha msichana wake imegeuzwa kuwa riwaya ambayo isingemuudhi mtu yeyote.

Na kuna mwanamke wa pili katika nyumba ile, aliyefungiwa chumba cha juu. Bertha Mason ni binti wa tajiri wa Jamaica, mwenye mashamba na biashara, na Rochester aliozwa kwake kwa pauni 30,000. Brontë hakumtendea haki mwanamke huyu. Alimfanya mnyama kuliko mtu. Walakini alimwandikia bei yake, nchi yake, ndugu yake na jina lake, na kwa kumwandikia hivyo aliacha jalada la kesi wazi. Mtunzi Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alilifungua jalada hilo mwaka 1966 katika Wide Sargasso Sea, akamrudishia mwanamke yule utoto, sauti na malalamiko. Rhys aliweza kumjibu Brontë kwa sababu Brontë alikuwa ameandika. Katika filamu, mwanamke huyo ni kivuli na sauti tu, na kivuli hakimpi mtetezi wake mahali pa kuanzia. Huu ndio ubaya mkubwa wa kufuta hesabu: hesabu mbaya iliyoandikwa yaweza kupingwa, lakini hesabu iliyofutwa haina mahakama.

Haki itendwe kwa pande zote. David Lean alikuwa fundi, na Great Expectations yake ya 1946 ina mwanzo ambao hapana mpenzi wa Dickens awezaye kuulaumu. Mtoto anakimbia pembeni mwa mto penye miti ya kunyongea watu, anaingia katika makaburi, matawi yanalia kwa upepo, na mara anashikwa na mtu wa kutisha kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kuvuta pumzi. Hofu ya Pip imetafsiriwa hapo kwa lugha nyingine pasipo kupotea. Filamu ilipewa tuzo mbili za Oscar kwa picha zake na mandhari zake, na hakuna anayestahili kuinung'unikia tuzo hiyo.

Lakini yatazamwe yaliyotendwa mwishoni. Dickens aliitoa riwaya hiyo sehemu kwa sehemu kati ya Desemba 1860 na Agosti 1861. Katika kisa chake, kijana aliyelelewa kwa fedha za Magwitch, mfungwa aliyetajirika Australia kwa kufuga kondoo, huipoteza fedha yote, huugua, kisha huenda Misri kufanya kazi ya ukarani katika kampuni ya rafiki yake. Hulipa madeni yake kwa kazi ya miaka. Estella naye huolewa na Drummle, huteswa, na hubaki mjane aliyefunzwa na mateso. Wanapokutana tena katika uwanja wa nyumba iliyokwisha kubomolewa, miaka kumi na mmoja imepita, na kila mmoja amelipa alichodaiwa. Inajulikana kuwa Dickens aliwahi kuandika mwisho mwingine wa huzuni zaidi, akaubadili kwa shauri la rafiki yake Bulwer-Lytton. Lakini katika miisho yote miwili miaka ile imo, na malipo yale yamo.

Katika filamu, miaka hiyo imefutwa. Drummle amevunja uchumba kwa kujua asili ya Estella, kwa hiyo ndoa mbaya haikuwapo. Nyumba bado imesimama. Pip anaingia, anayararua mapazia, jua linapenya, na vijana wawili wanatoka mbio wakishikana mikono. Watu husifu jua lile. Lakini uchafu wa nyumba ya Miss Havisham haukuwa wa vumbi hata uondolewe kwa kufungua dirisha. Ulikuwa uchafu wa mali na majivuno yaliyomfundisha mtoto wa mhunzi kumwonea haya mhunzi aliyemlea. Dickens alidai miaka kumi na mmoja ili kuusafisha. Lean aliusafisha kwa dakika moja.

Mtetezi wa sinema ana hoja, na hoja zake zafaa kujibiwa. Atasema kwanza kuwa muda ni mchache: kitabu cha kurasa mia nne hakiingii katika saa mbili. Ni kweli. Lakini uchache wa muda hueleza kwa nini vitu vimeachwa. Hauelezi kwa nini kila mara huachwa kitu kile kile. Tena muda uliokosekana kwa pauni 20,000 za Jane ulipatikana kwa ukurasa bandia. Muda uliokosekana kwa Hareton ulipatikana kwa mizimu. Mtu aliyedai kuwa hana nafasi ya mzigo wa jirani, kisha akaonekana amebeba mzigo wake mwenyewe, hana udhuru.

Atasema pili kuwa sinema ni sanaa nyingine, na kuilinganisha na kitabu ni kulinganisha ndege na samaki. Hoja hii ilitolewa kwa elimu nyingi na George Bluestone katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya riwaya na filamu, na Wuthering Heights ni miongoni mwa mifano yake. Naye Sergei Eisenstein alikwisha kusema mwaka 1944 kuwa sinema ilijifunza kwa Dickens namna ya kusogeza jicho na kukata kutoka mahali hadi mahali. Yote mawili yakubalike. Lakini mwenye kudai uhuru wa sanaa nyingine asitumie jina la kitabu, asionyeshe jalada la kitabu, wala asiweke ukurasa wa kitabu mbele ya watu. Akitaka heshima ya mtunzi, na achukue pia wajibu kwa mtunzi. Hawezi kuwa mrithi siku ya kugawana mali na mgeni siku ya kulipa deni.

Atasema tatu kuwa watazamaji walitaka mapenzi, na wakaguzi wa Marekani, waliokaza sheria zao tangu mwaka 1934, walitaka maadili. Hii si hoja ya sanaa. Ni hoja ya duka. Yaeleza sababu, haihalalishi tendo.

Tena sinema haiwezi kujitetea kuwa daima ni mtumishi mnyenyekevu wa kitabu, kwani kuna mahali ambapo ililirudisha lile ambalo mtunzi mwenyewe alitaka kulifuta. Mwaka 1863 bibi mmoja Myahudi, Eliza Davis, ambaye mumewe alikuwa amenunua nyumba ya Dickens mjini London, alimwandikia mtunzi barua ya kumlaumu kwa Fagin wa Oliver Twist, mwizi aliyetajwa ukurasa baada ya ukurasa kwa kabila lake badala ya jina lake. Dickens alijitetea kwanza. Kisha alimwumba Riah, Myahudi mwema, katika Our Mutual Friend; na chapa mpya ya Oliver Twist ilipotengenezwa mwaka 1867, aliliondoa neno lile mahali pengi. Toba yake haikuwa kamili, lakini ilikuwa toba ya kalamu, iliyoandikwa.

Mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya kambi za mauaji za Ujerumani kufunguliwa, Lean aliitoa filamu yake ya Oliver Twist. Alec Guinness alipambwa kwa pua kubwa ya bandia, kwa kufuata michoro ya George Cruikshank ya chapa ya kwanza. Mwezi wa Februari 1949 Wayahudi walionusurika waliipinga hadharani mjini Berlin. Na Marekani haikuonyeshwa mpaka mwaka 1951, baada ya kukatwa. Waliotetea filamu walisema kuwa ni uaminifu kwa kitabu. Uaminifu kwa kitabu kipi? Kwa kile ambacho mwenyewe alikwisha anza kukisahihisha? Hapa siri ya jambo zima yafichuka. Uaminifu ulisahaulika pale kitabu kilipowashtaki wenye mali, na ukakumbukwa pale kitabu kilipomtukana mnyonge. Filamu hiyo hiyo ina picha za nyumba ya maskini ambazo Dickens angezishukuru, na dhoruba ya mwanzo wake, mama mjamzito akijikokota kuelekea taa ya mbali, haimo kitabuni ila imo katika roho ya kitabu. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa Lean hakujua namna ya kuwa mwaminifu. Alijua, na pale hakufanya.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asidhani kuwa haya ni magomvi ya watu wa mbali. King Solomon's Mines ya Rider Haggard, ya mwaka 1885, ilifasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na wanafunzi wa shule wakaijua kwa lugha yao. Kitabu hicho kina dharau nyingi za zama zake, na hakuna sababu ya kuzificha. Lakini kina mambo mawili. Kina Foulata, msichana Mwafrika ampendaye Kapteni Good na kupendwa naye. Haggard alimwua ili akwepe swali la ndoa, ila alimpa jina, ushujaa na kifo cha heshima. Na kina hotuba ya kuaga ya mfalme Ignosi, asemaye kuwa hatawaruhusu wafanyabiashara wenye bunduki na pombe waingie katika nchi yake.

Stevenson yule yule wa Jane Eyre aliwahi kuitia riwaya hiyo katika filamu mwaka 1937, akamwingiza bibi Mzungu ambaye Haggard hakumweka katika msafara wake. Filamu ya Marekani ya 1950 ilifuata njia hiyo hiyo. Ilipigwa picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na Watutsi warefu wakachezeshwa ndani yake. Foulata hayumo. Mahali pake katika mapenzi pamechukuliwa na Deborah Kerr, akimtafuta mumewe. Na kisa chaaga kwa mahaba ya bibi huyo na Quatermain, si kwa onyo la Ignosi. Basi filamu ilikuja mpaka Afrika, ikachukua milima, wanyama na watu wake, na ikamtoa mwanamke Mwafrika aliyekuwamo katika kitabu kilichoandikwa na Mwingereza aliyekaa mbali. Mwenye kusema kuwa picha haidanganyi na aitazame picha hii.

Je, kazi hii haiwezekani kutendwa vema? Yawezekana, na imekwisha tendwa. Mwaka 1987 Christine Edzard aliitoa Little Dorrit, riwaya ya Dickens ya 1855 hadi 1857 juu ya gereza la deni lile lile la Marshalsea lililomfunga baba yake. Filamu hiyo ina sehemu mbili na huchukua karibu saa sita. Sehemu ya kwanza hutazama mambo kwa macho ya Arthur Clennam. Ya pili huyarudia kwa macho ya Amy Dorrit, na yale yaliyoonekana madogo katika hesabu ya bwana huonekana makubwa katika hesabu ya mshonaji maskini. Fedha imo, deni limo, aibu imo, na mapenzi hayakupungua kwa kuwa pamoja nayo. Alec Guinness, aliyevaa pua ya Fagin mwaka 1948, ndiye aliyecheza William Dorrit, mzee anayeutoka ufungwa na kubaki mfungwa. Kazi hii moja yatosha kuvunja udhuru wa wengine wote.

Haisemwi kuwa filamu hizi zichomwe, wala kuwa mwanafunzi azifumbie macho. Mwenye macho na atazame, na apendezwe na kile kipendezacho. Linalopingwa ni desturi iliyoenea ya kuzifanya filamu hizi badala ya vitabu: mwanafunzi anayesema kuwa ameijua Wuthering Heights kwa kuwa ameitazama usiku mmoja, na mwalimu anayeipokea kauli hiyo kwa sababu mtihani u karibu. Filamu ije baada ya kitabu, na ikija iulizwe maswali ya mdai kwa mdaiwa: Umemtoa nani? Umemweka nani mahali pake? Mali iliyotajwa kitabuni imekwenda wapi? Mwanafunzi atakayeuliza hivyo atafaidika kwa filamu kuliko aliyeisifu, maana kila pengo atakaloliona litamwonyesha mahali ambapo kitabu kilikuwa na nguvu hata kikaogopwa.

Miongoni mwa waliotupwa nje ya filamu ya 1939 yumo Hareton Earnshaw. Juu ya mlango wa Wuthering Heights pamechongwa mwaka 1500 na jina lake mwenyewe, lililokuwa jina la babu yake wa zamani. Heathcliff alimnyima elimu makusudi, akamfanya mtumishi katika nyumba ya haki yake. Na kijana akapita chini ya mlango ule kila siku asiweze kulisoma jina lake. Mwisho Catherine binti anakaa naye, kitabu mbele yao, anamsahihisha neno baada ya neno, na kwa neno lile nyumba inaanza kurudi kwa mwenyewe. Tukio hilo halina mizimu wala dhoruba, na Goldwyn hakuliona kuwa na faida. Lakini ndilo jibu la kitabu kizima: aliyedhulumiwa mali yake huanza kuirudisha siku anapojifunza kusoma kilichoandikwa juu ya mlango.